Ramadhani 19: Marehemu baba alikuwa nani?



Baba kazikwa, matanga hayajaisha. Mtoto anafungua simu ya marehemu, anakuta kila mwezi, miaka na miaka, hela inatumwa kwa mtu wa Tabora ambaye hata mama halijui jina lake. Chukulia mtoto ni wewe. Unafanyaje?

Wengi watakwambia funika, maiti hachimbuliwi. Na kweli, Suratul Hujurat aya ya 12 imekataza kupelelezana, na kifo hakimvui Muislamu heshima yake. Lakini tusijidanganye. Suratun Nisaa aya ya 11 imeweka mirathi baada ya wasia na deni. Kama yule wa Tabora anamdai baba, au ni mke, au ni mtoto wa ndoa, basi ana haki yake na wewe uliyefunika umeikalia. Sitara ya nani hiyo? Ya baba, au ya nyumba mnayotaka kugawana?

Kwa hiyo uliza. Kuna deni? Kuna nikahi, na mashahidi ni nani? Kuna watoto? Ukishajibiwa, funga simu. Meseji zao za mapenzi hazigawi mirathi. (Wengi huanza na haki, wakajikuta saa nane za usiku wanaangalia picha.)

Linabaki lile linalouma: "Kumbe sikumjua baba." Yule aliyekuamsha kula daku hakuwa wa bandia, ndugu yangu. Ni huyo huyo aliyetuma hela Tabora. Zayd bin Haritha aliitwa Zayd bin Muhammad mpaka iliposhuka aya ya 5 ya Suratul Ahzab, akarudishiwa jina la baba yake mzazi. Jina lilibadilika, mapenzi ya Mtume (s.a.w.) kwake hayakubadilika.

Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, mtu aliuliza kama kuna wema wa kuwafanyia wazazi wakishafariki. Akatajiwa kuwaombea dua na maghufira, kutekeleza ahadi zao, kuunga udugu unaopitia kwao, na kuwakirimu marafiki zao. Ile hela ya kila mwezi huenda ilikuwa ahadi. Huenda ni udugu.

Basi leo baada ya tarawehe piga ile namba. Anza na salamu, halafu mpe taarifa ya msiba taratibu, maana huenda mpaka sasa hajui kama kafiwa.