Difu ya Range Rover Kwenye Land Rover ya Soni

Mwalimu mmoja mstaafu wa Soni, kwenye milima ya Usambara, alikuwa na Land Rover 88 ya petroli, Series IIA, aina iliyotengenezwa Uingereza kati ya 1961 na 1971. Gari lilikuwa zima. Lilishusha viazi na kabichi hadi Mombo, likapandisha saruji na mabati, na mwisho wa mwezi likampeleka Tanga kwa shughuli zake. Alikuwa na lalamiko moja tu. Likishafika kwenye lami ya kuelekea Korogwe, injini ililia hadi waliomo ndani wakashindwa kusikilizana, na kila basi lililotokea nyuma lilimpita.

Lalamiko hilo lilikuwa na msingi. Difu ya Land Rover hizo ina uwiano wa 4.7, yaani propela shafti izunguke mara 4.7 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kabla ya hapo, gia boksi ndogo iliyo nyuma ya ile kubwa huwa imeshapunguza mwendo kwa 1.148, hata kama hujaweka gia ya mlima. Piga hesabu kwa tairi za 7.50-16: injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, gari linakwenda kilomita 82 hivi kwa saa. Injini yenyewe ni ya lita mbili na robo, na nguvu yake ya kuvuta hufika kileleni kwenye mizunguko 2,500. Ukiilazimisha ikupeleke kilomita 100, gharama ni yako: mafuta, kelele na uchakavu.

Akalipeleka Tanga kwa fundi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisikilizie hili gari, linalia mno."

Fundi akalizungusha mjini, akarudi. "Mwalimu, gari lako halina ubovu. Difu ndiyo nzito. Ninayo ya Range Rover hapa, inaingia bila kukata wala kuchomelea. Utaniombea dua."

Hakuna aliyeutaja mlima. Si mwenye gari, si fundi. Nalisema hili kwa uchungu, maana mtu wa Soni hatoki kwake wala harudi bila mlima.

Fundi hakudanganya. Difu za Range Rover za zamani kweli huingia kwenye ekseli za 88, na wengi wamefanya hivyo. Tofauti iko kwenye meno. Ya Land Rover ina kraunwili ya meno 47 na pinioni ya meno 10. Ya Range Rover ina 46 na 13, ndiyo 3.54. Kwa mizunguko ileile 3,000, gari sasa linakwenda kilomita 108. Safari ya kurudi hadi Mombo ilikuwa raha tupu, na Mwalimu alimsifu fundi wake kwa kila aliyekutana naye.

Lakini Range Rover ilipotoka mwaka 1970 ilikuwa na injini ya V8 ya lita tatu na nusu. Difu ile ilipangwa kwa nguvu hiyo. Ukiifunga nyuma ya injini ndogo ya silinda nne, umepoteza robo ya nguvu ya kuvuta katika kila gia, kuanzia ya kwanza hadi ya nne. Kwenye tambarare huioni hasara hiyo. Kwenye kupanda Soni na mifuko minane ya saruji unaiona kona ya kwanza. Pale alipozoea gia ya tatu, gari likataka ya pili. Pale pa ya pili likataka ya kwanza. Na gia hizo mbili za chini kwenye Series IIA hazina sinkro: ukitaka kushusha gia ikiwa gari linatembea, sharti ukanyage klachi mara mbili na kuipandisha injini kwa mguu, la sivyo gia inakwaruza na kukataa. Rejeta ikaanza kuchemka. Klachi ikanuka. Mwalimu akasema gari limezeeka.

Kulikuwa na jambo jingine, na kwangu ndilo kosa kubwa kuliko yote. Fundi alikuwa na difu moja tu. Akaiweka nyuma, mbele akaiacha 4.7 kama ilivyokuwa, akasema, "Four usivute, basi," yaani asiunganishe magurudumu ya mbele. Kwenye gari hili, ekseli mbili zenye uwiano tofauti zikiunganishwa, moja inalazimisha mwendo na nyingine inaupinga, na kitakachovunjika ni shafti au gia boksi. Na kwenye Land Rover hii, wenzo mwekundu wa gia ya mlima huunganisha magurudumu ya mbele papo hapo, upende usipende. Kwa hiyo neno lile dogo la "four usivute" lilimwondolea Mwalimu gia ya mlima pia.

Spidomita nayo ilianza kusema uongo. Waya wake unatoka kwenye gia boksi, kabla ya difu, kwa hiyo haijui kwamba difu imebadilishwa. Mshale ukisoma 60, gari liko karibu 80.

Siku ya ajali alikuwa anashuka na magunia ya viazi, kijana wake ameketi pembeni. Barabara ya Soni kwenda Mombo ni kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Aliweka gia ya tatu kama miaka yote. Zamani, kwenye kilomita 40, gia hiyo iliizungusha injini mara 2,000 kwa dakika na injini ikalishika gari lisikimbie. Sasa ilizunguka mara 1,500 tu, na mkono wake wa kuzuia ulikuwa umepungua kwa robo. Kazi iliyobaki ikaangukia breki, breki za dramu za zamani zisizo na msaada wowote zaidi ya mguu wa dereva. Alitazama mshale, akauona uko chini, akaona yuko salama. Breki zikapata moto, pedali ikawa ngumu na gari halipungui. Akajaribu kuingiza gia ya pili, ikakwaruza, ikakataa. Katikati ya tatu na pili gari likabaki bila gia yoyote.

Alilielekeza kwenye mtaro wa upande wa mwamba. Huo ulikuwa uamuzi wa mtu jasiri, na ndio uliowaokoa. Kijana alivunjika mkono. Fremu ilipinda.

Watu wa pale walisema breki zilikatika. Hazikukatika. Gari liliharibiwa Tanga, na mtu aliyedhani analitengeneza.

Difu huchaguliwa kwa kuangalia njia mbaya kuliko zote utakazopita ukiwa na mzigo mkubwa kuliko wote utakaobeba. Barabara nzuri haihesabiki hapo, maana kwenye barabara nzuri kila difu inafaa. Anayeishi Tanga mjini, akaenda Muheza na Segera bila mzigo, anaweza kuweka 3.54 mbele na nyuma na akaishi nayo vizuri, mradi spidomita irekebishwe. Mwalimu wa Soni angefaa kubaki na 4.7 yake akatafuta ovadraivu ya Fairey, ile ya Uingereza inayofungwa nyuma ya gia boksi. Hiyo inashusha mizunguko ya injini kwa zaidi ya asilimia 20 ukiwa kwenye lami, na ukifika Mombo unaitoa kwa mkono, gari linarudi kuwa la mlima. Ni ghali kuliko difu ya chuma chakavu. Fremu ni ghali zaidi.

Nawe unayenunua Land Rover ya mkononi, usiamini maneno ya muuzaji juu ya difu. Zuia magurudumu ya mbele, inua ya nyuma yote mawili kwa jeki na uyaweke juu ya stendi, weka nyutro, achia hendibreki, maana kwenye gari hili hendibreki inashika propela shafti. Chora alama ya chaki kwenye propela shafti na nyingine kwenye tairi. Mwenzako akazungushe magurudumu yote mawili pamoja, mzunguko mmoja kamili, wewe hesabu shafti. Ikikaribia mizunguko mitano kasoro robo, ni 4.7. Ikiwa mitatu na nusu, ni 3.54. Kisha nenda ukafanye vivyo hivyo mbele. Namba mbili zisipolingana, usilipeleke mlimani gari hilo hata kama ni tupu, na usimlipe fundi yeyote anayekuambia four haina kazi.