Subira ya Dereva

Kabla ya daraja la Kigongo, Misungwi, kufunguliwa Juni 2025, dereva alikingoja kivuko cha kwenda Busisi, pengine hata saa nzima, akasubiri. Leo huzivuka kilomita hizo 3 kwa dakika chache. Lakini ujumbe ukiingia simuni, hana tena subira ya kufika. Huinama akasoma, akajibu. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 100 katika sekunde 5. Zote hizo amekwenda kama kipofu, na roho za abiria ni amana mkononi mwake. Akiua, husema ni kadari. Kadari ni ya Mola. Kuinamia simu kulikuwa hiari yake. Basi ndugu yangu, simamisha gari kando, kisha jibu.