Homa, Basi

Kisa hiki ni cha mfano, ila barabara yake ni ya kweli. Dereva wa lori la mifugo alipakia kondoo upande wa Tarbaj, kaskazini-mashariki mwa Kenya, baada ya mvua kubwa, akashika njia ya Garissa. Kabla ya Habaswein kondoo mmoja akalegea, damu ikimtoka puani. Akifa mwenyewe ni kibudu, hasara tupu. Dereva na utingo wake wakamwahi kwa kisu kando ya barabara. Safari ilipokwisha dereva akarudi kwao Habaswein, homa ikamwangusha. Fizi zikavuja damu. Alifariki alfajiri, akazikwa kabla ya adhuhuri.

Kabla ya mazishi naibu chifu alikuja na fomu ya kibali, akamwendea mzee wa familia.

"Adeer, marehemu alikuwa akiugua nini?"

"Homa," mzee akajibu.

Ikaandikwa homa, basi. Utingo alikuwa amebaki Garissa, naye akafia huko wiki ileile, katika daftari la kaunti nyingine. Vifo viwili kutokana na kondoo mmoja, na hakuna aliyeviunganisha.

Lakini katika mlipuko wa kweli wa Juni 2018 wagonjwa wa kwanza kugunduliwa walikuwa jamaa. Mgonjwa wa Tarbaj aliyekula nyama ya mnyama mgonjwa alilazwa tarehe 2, akafa siku hiyohiyo. Tarehe 4 wakalazwa jamaa zake wawili. Damu ya mmoja wao ilipopimwa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ikaonyesha Homa ya Bonde la Ufa, na tarehe 8 serikali ikatangaza mlipuko. Miaka ishirini kabla yake, wakati wa mvua za El Niño, Desemba 1997, wilaya ya Garissa iliripoti vifo 170 vya homa ya kutokwa damu; watafiti baadaye walikadiria kuwa watu 27,500 wa wilaya hiyo waliambukizwa.

Homa hii haijathibitishwa kupita kutoka kwa mtu hadi mtu. Kwa hiyo maiti haielekezi kidole kwa waombolezaji, inaelekeza kwa mnyama. Dalili huanza siku 2 hadi 6 baada ya maambukizi, hivyo swali ni moja: wiki ile kabla hajaugua alikuwa wapi, na alichinja nini? Kuuliza hakucheleweshi mazishi. Kuchimba kaburi kunachukua muda zaidi.

Mzee yule aliijua homa hii, sandik kwa Kisomali, tangu utotoni, na fizi za marehemu aliziona. Lakini ugonjwa ukitangazwa soko la mifugo hufungwa, na zizini mwake kondoo walikuwa wakisubiri mnunuzi.