Kisiki cha Faunus: Deni la Mgeni kwa Mwenyeji

Faunus, mungu wa misitu wa Warumi wa kale, aghalabu hukumbukwa kwa umbo lake la nusu mtu nusu mbuzi. Umbo hilo, lililotiwa nguvu na kufananishwa kwake na Pan wa Wayunani, limemfanya kichekesho: kiumbe wa nyikani awakimbizaye nimfa, mabinti wa chemchemi. Maoni yetu ni kwamba kicheko hicho kimefunika swali zito la kimaadili linalozushwa na Virgil katika utendi wa Aeneid: je, mgeni aliyejaaliwa nchi anadaiwa nini na waliomtangulia humo?

Katika kitabu cha 8, Evander anamweleza Aeneas kuwa misitu ya mahali itakapojengwa Roma ilikaliwa na akina Faunus na nimfa, wenyeji wa asili. Kabla ya hapo, katika kitabu cha 7, Faunus ni baba wa Mfalme Latinus, naye anamwagiza mwanawe, kwa sauti itokayo msituni, asimwoze Lavinia kwa Mlatini bali angoje mkwe kutoka ng'ambo. Kwa hiyo mwenyeji ndiye aliyemfungulia mgeni mlango.

Hatuna budi kukisoma kitabu cha 12 kwa kuzingatia hayo. Palikuwapo mzeituni-mwitu wa Faunus, ambapo mabaharia waliookoka baharini walitundika nguo za nadhiri. Watroya, ambao nao wameokoka baharini, wanaukata ili wapate uwanja mweupe wa kupigania. Mkuki wa Aeneas unanasa katika kisiki chake. Turnus anamwomba Faunus aushike, naye anaushika, hadi Venus anapoung'oa. Hatimaye Turnus anauawa.

Huenda ikahojiwa kwamba Watroya hawakujua. Utetezi huu una uzito, kwani Virgil hasemi walikusudia kukufuru. Anasema walikata bila kubagua. Hata hivyo, asiyejua na asiyeuliza si mamoja. Nguo za nadhiri hutundikwa hadharani, na Latinus alikuwapo wa kuulizwa.

Wala hatudai kwamba Turnus ana haki kwa kuwa ombi lake limejibiwa. Yeye ndiye aliyempinga mkwe aliyetabiriwa na Faunus huyo huyo, na mikono yake ina damu ya Pallas. Tunachodai ni kwamba Virgil ametenganisha mambo mawili ambayo washindi hupenda kuyachanganya: majaaliwa na uadilifu. Majaaliwa yanampa Aeneas nchi, lakini hayamfutii deni la mti. Utendi unakwisha kabla deni hilo halijalipwa, wala hakuna Mtroya anayelitaja. Analitaja Turnus peke yake, tena akiwa karibu kufa.