Maua Yasiyonukia

Bwana Wetu Yezu Kristu, alipowafundisha wafuasi wake wasihangaike kwa ajili ya mavazi, aliwaambia wayatazame maua ya kondeni. Ua halijui kazi ya kufuma nguo, walakini mfalme Solomoni katika fahari yake yote hakupata kupambwa kama lilivyopambwa lenyewe. Hivyo ua ni kitabu ambacho Mwenyezi Mungu humfunulia hata yule asiyejua kusoma. Lakini maua yaliyochorwa, nayo yana fundisho lake.

Katika nchi ya Flandria, ambayo leo ni sehemu ya Ubelgiji, palikuwa na mchoraji jina lake Jan Brueghel, aliyezaliwa Brussels mwaka 1568. Katika mwaka 1606 alimchorea Kardinali Federico Borromeo, Askofu Mkuu wa Milano, picha ya chombo kilichojaa maua mengi. Kardinali huyo, binamu yake Mtakatifu Karoli Borromeo, alizipenda sana picha za namna hiyo, maana wakati wa baridi, bustani zilipokauka, macho yake yalipata faraja kwa maua yaliyochorwa. Naye mchoraji hakufanya haraka. Alingoja kila ua lichanue kwa majira yake, akasafiri kutoka Antwerp hata Brussels kuyaona yale yasiyopatikana kwake. Kwa hiyo katika chombo kimoja yamekutana maua ambayo bustanini hayachanui pamoja.

Picha za namna hiyo zilichapishwa kwa wingi, zikatiwa katika fremu na kioo, zikatundikwa katika nyumba za nchi nyingi. Basi na usikilizwe mfano huu wa mama mmoja wa Bunia.

Mama huyo alikuwa na picha ya maua sebuleni, zawadi ya arusi yake. Pembe moja ya fremu ilikuwa imevunjika, na mumewe aliifunga kwa waya kabla hajafariki. Mwezi wa Mei 2003, mapigano yalipowaka mjini Bunia, maelfu ya watu walikimbia. Mama naye alishika njia ya Beni na watoto wake, kwa miguu. Mwaka uliofuata alirudi, akakuta milango imeng'olewa, mabati yamechukuliwa, na ukutani umebaki msumari mtupu.

Ikapita miaka. Siku moja jirani yake, mwanamke wa kabila lingine, alifiwa na mume. Mama alikwenda kumpa pole, akaketi mkekani pamoja na wengine. Alipoinua macho, tazama, maua yake yako ukutani, na waya wa marehemu ungali katika pembe ya fremu. Hakusema neno. Aliondoka, akaenda moja kwa moja kwa mkatekista.

Akasema, "Mwalimu, nimekwisha kumsamehe, kwa sababu ni amri ya Mungu. Lakini nyumbani mwake sitaingia tena."

Mkatekista akamwuliza, "Mama, maua ya picha ile yalikuwa mazuri?"

"Mazuri sana, Mwalimu."

"Yalinukia?"

"La, yangenukiaje? Yalikuwa karatasi."

"Basi, Mama, msamaha wako umefanana nayo. Rangi unayo, harufu hauna."

Mama alirudi kwake kwa uchungu. Usiku ule hakulala. Asubuhi alipima maharagwe, akajitwika mzigo wa kuni, akaenda matangani. Alipika pamoja na wanawake wengine hata siku ya mwisho, wala picha hakuitaja.

Wageni walipokwisha kutawanyika, mfiwa alimshika mkono. "Dada, nilikuona ulivyoitazama picha ile. Ni yako?" Mama akaitikia. Yule akainamisha kichwa, akasema, "Niliinunua sokoni kwa bei ndogo. Nilijua kwamba vitu vya bei ile vilitoka katika nyumba za waliokimbia. Nilijua, wala sikuuliza." Akaitungua picha, akampa.

Mama aliipokea. Katika hilo hakukosa, maana amri ya saba haifutwi na msamaha. Aliyeiba sharti arudishe, na anayenunua kitu akijua kwamba kimeibwa, naye sharti akirudishe kwa mwenyewe. Kusamehe si kusema kwamba dhambi haikutendwa. Ni kukataa kumchukia aliyeitenda, na kumtendea mema hata kabla hajaomba radhi. Vilevile, kuomba radhi bila kurudisha kilicho cha mwenzako ni maua ya karatasi.

Jumapili iliyofuata mama alikata maua uani mwake, akayatia katika kopo lenye maji, akampelekea jirani. Yalinyauka siku ya tatu, lakini nyumba ile yote ilinukia.

Nchi ya Ituri ni chombo ambacho Mungu mwenyewe amekijaza: Wahema na Walendu, Waalur na Wabira, Wanande na Wangiti, na wengine wengi. Tangu mwaka 1999 damu nyingi imemwagika kwa sababu watu walidhani chombo kinatosha ua moja tu. Na wako wanaowalaumu waliojeruhiwa: mbona hawajasahau? Hao na wamkumbuke yule mchoraji. Kila moyo una mwezi wake wa kuchanua, na apendaye amani hulingoja ua, halifungui kwa nguvu za vidole.

Basi kila Mkristu, kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana, na atazame kuta za nyumba yake. Kama pana kitu kisicho chake, akirudishe. Kisha autazame moyo wake: kama pana msamaha wenye rangi pasipo harufu, na ainuke aende kwa jirani yake, wala asiende mikono mitupu.