Yai Lenye Alama



Ndugu zangu katika imani, likizo iliyopita nilikuwa Bugarama, hapa Rusizi, nikimsaidia mjomba kupalilia mahindi. Chini ya jani niliona fungu la mayai ya nkongwa idasanzwe, yule kiwavijeshi vamizi aliyeingia nchini mwaka 2017. Fungu moja hufika mayai 100 na zaidi. Baadhi yalikuwa meusi. Nilipofuatilia nikajua kwamba ndani ya yai jeusi namna ile mara nyingi hakuna tena kiwavi, bali mna mtoto wa nyigu.

Nyigu hao ni wadogo mno, urefu wao haufiki milimita 1. Trichogramma hutaga zaidi katika mayai ya juu ya fungu. Telenomus remus, ambaye amethibitishwa kuwapo Kenya, hupenya hadi yale ya chini. Riziki ni moja, na kila mmoja anapata fungu lake. Lakini yai moja hulea Telenomus mmoja tu. Kwa hiyo nyigu wa jamii hiyo, akishataga, hulipangusa yai na kuacha alama. Mwenzake akija akaitambua, aghalabu huondoka. Mayai yakiwa adimu, wengine hutaga juu ya alama, na humo ndani watoto hupigana hadi abaki mmoja.

Nilikumbuka chumba changu. Mwenzetu mmoja alikuwa ameshakubaliana kodi na mwenye nyumba. Mimi nikaenda usiku, nikaongeza faranga 5,000, nikakipata. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametukataza kununua juu ya manunuzi ya ndugu yetu na kuposa juu ya posa yake. Hadithi hiyo niliijua. Vyumba vilikuwa adimu, nikajifanya sioni alama.

Nyigu hana hesabu Siku ya Kiyama. Sisi tunayo. Kumwachia ndugu yako haki yake wakati wa wingi si mtihani. Mtihani huja vitu vinapopungua: chumba, kibarua, hata mchumba. Tuulize kwanza, je, pana aliyetangulia?

Nilimwendea ndugu yule, nikamwomba msamaha na kumwambia achukue chumba. Alikuwa ameshalipa kwingine, mbali na chuo. Alinisamehe. Lakini kila asubuhi namwona akipita kwa miguu.

Allah, Mwenye kuruzuku kila kiumbe, atutosheleze kwa halali na atuepushe na tamaa. Amin.