Miezi Mitatu ya Yokebedi
Somo: Kutoka 2:1-10



Kuna swali ambalo halifiki mimbarini mara nyingi, lakini liko katika kila nyumba yenye mtoto mdogo: kesho nikienda kazini, mtoto atabaki na nani? Wiki hii tulitazame, kwa sababu limeleta maneno mengi kati yetu. Mama anayempeleka mtoto dei-kea anaambiwa ati hampendi. Yule aliyeacha kazi ili akae na mtoto anaambiwa ati amejikalia tu. Na dada wa kazi anayeketi viti vya nyuma akiwa amembeba mtoto wa mwajiri wake, yeye haulizwi lolote.

Tuanze na Yokebedi, mamake Musa. Maandiko yanatuambia alimficha mwanawe miezi mitatu. Akina mama, nambari hiyo mnaijua! Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama aliyeajiriwa miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Wataalamu wa afya nao wanasema mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Sasa piga hesabu mwenyewe. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha kazini, lakini mama mboga na yule anayefulia watu nguo hawana likizo wala chumba. Kwao hata hiyo miezi mitatu ni ndoto.

Yokebedi alipofika mahali ambapo hangeweza kumficha tena, hakumwachilia kwa kukosa upendo. Alibanwa. Lakini tazama alivyomwachilia. Alitafuta kisafina, akakipaka lami maji yasiingie. Hakumsukuma katikati ya mto. Alimweka kwenye majani, ukingoni. Na dada yake mtoto akasimama kwa mbali aone litakalotokea. Shika hilo, mpendwa: kazi ya kulea unaweza kumkabidhi mwingine, lakini wajibu haukabidhiwi. Ukishamweka mtoto mikononi mwa mtu, lazima jicho lako libaki pale.

Sasa hapa kwetu Kenya mikono hiyo ni ipi?

Ya kwanza ni ya mzazi mwenyewe. Kuna anayekaa nyumbani, na kuna anayeuza sokoni mtoto akiwa mgongoni. Ni baraka, lakini si kila nyumba inaweza. Na hata anayebaki nyumbani ajichunguze: unaweza kushinda na mtoto siku nzima macho yako yote yakiwa kwa simu.

Ya pili ni ya jamaa. Naomi alimpakata mtoto wa Ruthu akawa mlezi wake (Ruthu 4:16), na wengi wetu tumelelewa na shosho tukatoka sawa. Lakini tuseme ukweli: mara nyingi shosho hakuulizwa. Aliletewa mtoto mwezi wa Disemba, na pesa za matumizi zikakoma mwezi wa Machi. Ana miaka sabini na magoti yanauma. Huko si kumheshimu mzazi.

Ya tatu ni ya dada wa kazi, awe wa kulala au wa kuja asubuhi na kurudi jioni. Mtoto anabaki katika nyumba anayoijua, na hilo ni jema. Ugumu ni kwamba hakuna mtu mzima mwingine anayeona mchana unavyopita.

Ya nne ni dei-kea. Kuna zenye uwanja na bembea, na kuna chumba kimoja pale estate ambapo mama mmoja anawatunza watoto wa majirani. Usidharau hicho chumba kidogo, wala usikiamini kwa macho yaliyofungwa. Watoto ni wangapi kwa mtu mzima mmoja? Jiko liko wapi? Choo je? Unaruhusiwa kupita saa sita bila kupiga simu kwanza? Ukimkuta mtoto amelala fofofo kila jioni, uliza amepewa nini. Na tujue kwamba Katiba ya 2010 iliweka elimu ya chekechea na vituo vya kulea watoto mikononi mwa serikali za kaunti. Basi mwakilishi wa wadi akija kuomba kura, si vibaya kumuuliza habari ya dei-kea kama tunavyomuuliza habari ya barabara.

Ya tano ni shule yenyewe, lakini PP1 inampokea mtoto wa miaka minne. Kabla ya hapo mzigo ni wetu.

Mtu atauliza, basi ipi ndiyo ya mapenzi ya Mungu? Mimi sioni moja iliyo takatifu na nyingine dhambi. Mkumbukeni Mefiboshethi (2 Samweli 4:4). Alikuwa na miaka mitano, mlezi wake akambeba wakikimbia, mtoto akaanguka akawa kiwete. Yule mlezi hakuwa mtu mbaya, alikuwa anamwokoa! Kilichomwangusha mtoto ni haraka. Sasa tazama dada uliyempa watoto wawili, kufua, kupika, kupiga deki na kuchota maji, na yote yawe tayari kabla ya saa kumi na moja. Umemweka mtoto wako mikononi mwa mtu anayekimbia. Akianguka, tutasema ni dada hajali?

Wengine husema upendo haununuliwi, ndiyo maana mtu wa kulipwa hawezi kumpenda mtoto wako. Hapo mimi nasita. Yokebedi alilipwa mshahara kumnyonyesha mwanawe mwenyewe. Je, mshahara ulipunguza upendo wake? Hapana. Tunacholipa ni muda na nguvu za mtu. Upendo ni zawadi, hauingii kwenye mkataba. Lakini zawadi hiyo inakauka pale ambapo mtu anadhulumiwa. Sasa tazama anayelipa ni nani: binti Farao! Ametoka katika nyumba iliyoamuru watoto wa Waebrania watupwe mtoni, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeahidi ujira, hakungoja kudaiwa. Na sisi tuliookoka tunamwambia dada angoje mwezi ujao, ati mambo ni magumu, na wiki hiyo hiyo tumechanga harusi. Sheria inasema mfanyakazi apate angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Dada wa kazi ni mfanyakazi. Na tukimleta ibadani abebe mtoto wetu wakati sisi tunaabudu, hiyo si siku yake ya kupumzika.

Nitasema langu. Miaka iliyopita tulikuwa na dada aliyempenda kifungua mimba wetu sana. Jioni moja akaniomba ruhusa, mtoto wake huko ushago alikuwa na homa. Nikamwambia asubiri hadi Jumapili, kwa sababu Ijumaa nilikuwa na kesha. Nilienda kwenye kesha. Niliomba kwa machozi, na moja ya maombi yetu usiku ule ilikuwa watoto wa taifa hili. Nilirudi alfajiri nikampata ameketi jikoni, mkoba umefungwa. Aliningoja nifike ndipo aende, asimwache mtoto wangu peke yake. Mtoto wake alipona, lakini yeye hakurudi kwetu. Mwaka mzima nilikuwa nimeuliza wangu atabaki na nani. Sikuwahi kuuliza wake alibaki na nani. Hata jina lake sikulijua.

Kwa hivyo wiki hii tufanye mambo haya. Baba, swali la nani atabaki na mtoto si la mama peke yake. Pita dei-kea wewe mwenyewe. Mwenye dada wa kazi, mlipe kwa tarehe mliyokubaliana, na umuulize habari za watoto wake. Aliyemwachia shosho mtoto, tuma kitu kabla hajapiga simu. Na sisi kama kanisa, chumba cha shule ya Jumapili kinafungwa kufuli Jumatatu hadi Jumamosi, na akina mama wetu wanatafuta mahali pa kuacha watoto. Wazee wa kanisa, hilo nalileta mezani kwenu.

Na tukome kuhukumiana. Ukimwona mama ameshusha kisafina chake mtoni, usimuulize kwa nini hampendi mtoto. Simama karibna na majani, umsaidie kutazama.

Mungu awabariki. Amina.